Unakaa Wapi?

Jumapili, 4 Agosti 2002

Mechi tena. Nilisali adhuhuri, nikala mihogo kidogo, nikavaa kofia, nikatoka. Fimbo mkono wa kulia. Kutoka mtaani kwetu Bwiza hadi uwanjani si mbali, lakini goti langu lina vipimo vyake. Vumbi la kiangazi limefunika kila kitu. Milima ya Kongo imefutika. Ziwa lenyewe linaishia hewani, kama sentensi ambayo mwandishi wake aliitwa nje.

Mahali petu ni nyuma ya goli la upande wa ziwa, juu ya ukingo wa udongo. Huko hakuna kiti. Wenye viti wako kwenye tribini yenye paa: maofisa, wafanyabiashara, wake zao na miavuli yao. Sisi tunasimama. Bega kwa bega, watu wa mitaa yote, hata ile ambayo siku nyingine haiazimani moto.

Gaspari alikuwa keshafika. Hatupangi kukutana. Hatujawahi kupanga. Napanda ukingo, yupo. Au anapanda yeye, nipo. Tunasimama. Hatutazamani. Leo alianza yeye, macho yake uwanjani:

"Rajabu, ile golikipa yetu iko nacheza ao iko nasali?"

Nikamwambia anasali, ila kibla amekosea. Akacheka puani. Timu yetu, Kijani, ikafungwa bao moja, kisha la pili. Tuliagana kwa kutoagana, kama kawaida. Umati ulitugawa, kila mmoja akabebwa na watu wa mtaa wake.

Goti limevimba. Nina furaha.

Alhamisi, 8 Agosti

Zaituni, binti wa marehemu dada yangu, ndiye mwenye nyumba ninamoishi. Anauza vitenge sokoni. Jioni hunikanda goti kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, na ulimi wake unakanda pia. "Mujomba, lipa tribini ukae kama batu bazima. Ao unataka bakuzike umesimama?"

Jibu ni refu.

Gaspari alikuwa jirani yangu Kanyosha, mtaa wa kusini, ambako yeye yuko hadi leo. Ua mmoja kati yetu. Yeye karani wa bandari, mimi mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Jioni tulikaa kwake au kwangu tukisomeana magazeti ya zamani, tukibishana. Mwaka wa tisini na tano, mitaa ilipokuwa ikifukuzana, alfajiri moja watu walikuja na moto. Mimi na mke wangu Mwamini tuligonga mlango wa Gaspari. Haukufunguliwa. Tukavuka mto. Bwiza ikatupokea. Nyumba yangu iliungua. Kiwanja sasa kina mihogo ya mtu mwingine. Mwamini alifariki miaka miwili baadaye, kitandani kwa Zaituni, akiwaulizia kuku wake.

Sijui kama Gaspari alikuwa ndani alfajiri ile. Labda alikuwa amekimbia. Sijamuuliza. Miaka mitatu iliyopita alitokea kando yangu pale ukingoni, akasema arbitri, yule mwenye kipenga, ni kipofu. Nikasema ndiyo, kipofu. Tangu siku hiyo.

Naye ana lake. Mdogo wake aliuawa Bwiza, mwaka uleule, mchana, mbele ya watu. Gaspari hajakanyaga Bwiza tena. Hata jina halitamki. Husema "huko kwenu".

Kwetu mgeni ambaye hajakaa hajafika. Ukishamwambia "karibu, ukae", naye akakaa, umefungua mazungumzo: atatoa habari, nawe utatoa zako. Aliyesimama haulizwi. Yuko njiani. Mimi na Gaspari tuko njiani, mechi hadi mechi. Watu wakisimama hutazama upande mmoja. Wakikaa, lazima mmoja ageuke.

Ndiyo maana siwezi kulipa tribini. Nitampoteza.

Jumapili, 18 Agosti

Habari mbaya. Kabla ya mechi kipaza sauti kilitangaza. Kamati ya uwanja itaweka mabenchi kwenye kingo zote mbili, ule wa ziwa na ule wa ng'ambo, wa milima ya nyuma ya mji. Kuanzia mechi ijayo kila mtazamaji atakaa. Kusimama marufuku. Ni kwa usalama: waliosimama wanaweza kuficha vitu, na wakishtuka hukanyagana. Sababu nzuri. Siipendi.

Watu walipiga makofi. Nani hapendi kukaa?

Gaspari alitazama mpira mpaka mapumziko. Kisha: "Basi, tutakaa." Alisema kama mtu aliyepangiwa siku ya kupasuliwa. Nikaitikia: tutakaa. Huko milimani bunduki za wapiganaji zilianza, mbali, kavu, kama mtu anayevunja kuni. Hakuna aliyegeuza kichwa. Beki wa kushoto alikosa mpira wa wazi, hapo ndipo watu walipopiga ukelele.

Nina hofu. Si ya bunduki.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeota uwanja umejaa maji ya ziwa mpaka ukingoni. Tumesimama ndani yake, maji kiunoni, ya uvuguvugu, tulivu. Mpira unaelea. Hakuna anayeukimbilia. Gaspari anasema jambo nami nalielewa, ila ni kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia. Niliamka nikipapasa kitandani, naitafuta fimbo majini.

Jumapili, 25 Agosti

Hakuna mechi leo, nilikwenda hata hivyo. Mafundi wanapigilia mabenchi. Ukingo wetu umechongwa ngazi ngazi. Ule udongo tulioulainisha kwa nyayo miaka yote, uliokuwa uking'aa kama sakafu iliyopakwa, wameukata kwa jembe na kuumwaga nyuma ya ukuta. Nilisimama kuutazama kama mtu aliyekuja kwenye mazishi bila kumjua marehemu vizuri.

Fundi mmoja aliniambia nikae kujaribu. Nikakataa. Akadhani naringa.

Jumapili, 1 Septemba

Tumetengwa. Na hakuna aliyekusudia. Hilo ndilo linaloniuma.

Mlangoni kuna mtu amefunga kitambaa cha njano mkononi. Ana karatasi za rangi mbili. Nyekundu ni ukingo wa ziwa, buluu ni ukingo wa milima. Anamuuliza kila anayeingia swali moja: "Unakaa wapi?"

Nikajibu: "Bwiza."

Wote mbele yangu walijibu vivyo hivyo. Buyenzi. Bwiza. Kigobe. Tumeulizwa swali hilo kwenye vizuizi miaka yote hii. Mdomo unajibu kabla ya akili. Akanipa nyekundu.

Kumbe aliuliza upande gani mtu anapenda kukaa. Nimeelezwa na jirani yangu wa benchi, ambaye shemeji yake yuko kwenye kamati. Lakini watu walipoanza kumtajia mitaa, mshika mlango akajitungia utaratibu: wa kusini buluu, wengine nyekundu. Labda alidhani ndivyo alivyoagizwa. Labda aliona aibu kuuliza upya.

Benchi linanuka rangi mpya. Goti limefurahi, msaliti. Kushoto kwangu Bwiza, kulia kwangu Bwiza. Ng'ambo, safu kwa safu, watu wadogo kama maharage kwenye ungo. Mmoja wao ni Gaspari. Nilitazama huko mpaka mwisho. Sikumwona. Nasikia Kijani wameshinda.

Jumatatu, 2 Septemba

Neno moja. Kukaa: kuketi kitini. Kukaa: kuishi mahali. Kukaa: kutoondoka. Wazungu wa kiwandani walikuwa na neno lake kwa kila jambo, nasi tuliwacheka kwa kubeba mizigo mingi. Leo neno letu moja limekata uwanja vipande viwili bila mtu kutoa amri.

Nusu ya maisha yangu nilipanga herufi za madini ya risasi. Herufi husimama. Zikibanana vizuri unaweza kuinua ukurasa mzima mkononi, na hakuna inayodondoka. Hakuna gundi. Zinashikana kwa kubanana tu. Ukilegeza pembe moja unabaki na chuma kitupu sakafuni.

Zaituni anaona nimezidisha. "Mwambie tu yule wa mulango: leo mi nakaa na ba Kanyosha." Kisha akasikia alichosema.

Alhamisi, 5 Septemba

Kamati imefurahi. Jumapili haikutokea ngumi hata moja. Imetangazwa redioni kwamba mpango wa kukaa kimtaa umefaulu na utaendelea. Sasa ni amri kweli. Kosa limepewa koti na tai.

Nimewaza kumtafuta Gaspari mjini, tukutane kwenye mgahawa usio wa mtaa wake wala wangu. Nimeacha. Nitamwambia nini? Nimekuja kuzungumza mpira? Mpira uko uwanjani.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala nimeamua. Keshokutwa nikiulizwa ninakaa wapi nitasema Kanyosha. Si uongo wote. Kila nikiota, niko kule: dirisha la upande wa mto, harufu ya ua ukimwagiwa maji, Mwamini akiwaita kuku kwa majina yao. Miaka saba ninalala Bwiza. Ninakaa Kanyosha.

Naogopa. Ukingo ule utakuwa na watu waliokuwa barabarani alfajiri ile. Mmoja anaweza kunikumbuka. Zaituni amekataa kusema nami tangu adhuhuri. Amenifulia kofia hata hivyo.

Sitaki kumuuliza Gaspari lolote. Nataka kuwa kando yake tu.

Jumapili, 15 Septemba

Siwezi kuandika. Gaspari ameumia, na chanzo ni mimi. Kesho.

Jumatatu, 16 Septemba

Kwa mpangilio.

Mlangoni nilisema Kanyosha. Mshika mlango akanitazama. "Muzee, we si mujomba ya Zaituni wa vitenge? Toka lini Kanyosha?" Nikamwambia: toka zamani. Akanipa buluu akitikisa kichwa.

Nilipanda ukingo wa milima macho chini. Mwanamke mnene akaruka mbele yangu. "Ee Mungu! Rajabu! Uko muzima?" Spesioza, aliyekuwa akiuza makaa mtaa wa chini yetu. Walidhani nilikufa mtoni. Alinikamata mikono yote miwili, akasukuma watu, akanikalisha kando yake. Hakuna aliyenifanyia baya. Mwanamume asiyenijua alisogea ili ninyooshe mguu. Nilikuja nimejiandaa kwa chuki, nikawa sijui pa kuuweka wema huu.

Nikamuulizia Gaspari. Spesioza alikuwa amemwona mlangoni. Tukamtafuta safu kwa safu. Hayupo.

Kipindi cha pili kilipoanza nilitazama ng'ambo, ukingo wa ziwa, kwa watu wa Bwiza. Wazo likanijia taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Nikasimama ili nione vizuri.

"Muzee, kaa! Tulilipa kuona mupira, si mugongo yako!"

Sikukaa. Uwanja mzima umekaa, nimesimama peke yangu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya ukingo ule. Vumbi limegeuka dhahabu, watu hawana nyuso. Kisha kule, katikati ya Bwiza, mtu mmoja akainuka. Mrefu, bega moja chini kuliko jingine. Gaspari. Alikuwa amesema Bwiza.

Sijui tulisimama hivyo muda gani. Mpira ulichezwa kati yetu, nakumbuka kivuli chake tu kikipita majanini. Miaka mitatu bega kwa bega sikumtazama usoni. Jana, kwa umbali ambao uso hauonekani, nilimwona mzima.

Nikainua fimbo kumsalimu.

Hilo ndilo kosa. Mzee asimame peke yake kati ya watu waliokaa, anyooshe fimbo hewani: mji huu unajua maana moja tu. Wa nyuma yangu akauliza kuna nini. Wa pembeni akasimama aone. Safu ikasimama. Ukingo wote ukasimama. Wa ng'ambo walipotuona tumeinuka wakadhani wapiganaji wameshuka kutoka milimani nyuma yetu. Wakakimbilia mlango.

Hakuna risasi iliyolia. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele: "Mukae! Mukae!" Na watu wengine kweli wakakaa, chini, vumbini, popote. Upande wetu ulitulia upesi, maana Spesioza alikishinda kipaza sauti. "Ni muzee anasalimia tu! Anasalimia mwenzake!" Wa upande wa ziwa walikuwa wameshafika mlangoni. Hakuna aliyekufa. Alhamdulillahi. Wengi wamechubuka. Viatu vilijaa njia.

Nilivuka uwanja, nikamkuta Gaspari chini, mgongo ukutani, katikati ya viatu. Walimwangusha. Nyonga. Nikashuka kukaa kando yake, kazi kubwa kwa goti hili. Hatukuwa tumekaa pamoja tangu Kanyosha.

"Nilisema Bwiza," akasema.

"Na mi nilisema Kanyosha."

Akacheka, akashika nyonga, akaacha kucheka. Alipozungumza tena alikuwa anavitazama viatu.

"Rajabu. Ile asubui mulipogonga. Nilikuwa ndani. Nilisikia sauti ya Mwamini. Nilikamata komeo, nikalikamata tu. Batoto walikuwa nyuma yangu."

Nikasema: "Najua."

Sikujua. Mwanawe akaja na teksi, wakambeba.

Jumapili, 22 Septemba

Uwanja umefungwa mpaka kamati iamue. Afadhali.

Nimekasirika. Wiki nzima. Hasira yangu ilikuwa haina mlengwa, sasa inaye. Alikuwa ndani. Mwamini alimwita "Baba Emili", kwa adabu, kwa jina la mwanawe wa kwanza, hata katika kugonga kule. Hakusahau adabu. Na yeye amesimama upande wa pili wa mbao, anasikia.

Nimemgombeza kwa sauti uani mpaka Zaituni akatoka kuona nagombana na nani.

Kuna wakati nauona mkono ule juu ya komeo. Mkono tu. Wangu ungefanya nini, na watoto nyuma? Sijui. Silipendi swali hilo. Linakuja nikiwa nimechoka.

Jumatano, 25 Septemba

Ndoto fupi. Nimesimama, nimesimama, nimesimama. Hakuna uwanja mbele yangu.

Jumapili, 29 Septemba

Matone ya kwanza ya mvua leo. Makubwa, machache, kila moja likiacha shimo dogo vumbini. Harufu ikapanda. Watoto wa mtaa mzima walitoka na vinywa wazi.

Spesioza alipita sokoni kwa Zaituni. Mfupa haukuvunjika, lakini Gaspari hawezi kusimama bila kushikwa, na huenda hataweza tena. Spesioza alimuuliza kama ana neno kwangu. Akasema hana, neno lake ameshalitoa.

Jioni Zaituni aliweka chini bakuli la mafuta. "Mujomba, unamukasirikia, sawa. Ni haki yako. Lakini ule mutu alisimama ku mulango, mbele ya batu, akasema ye nakaa Bwiza. Bwiza, pale bamemuulia mudogo wake. Akaenda kukaa katikati yao. Kwa sababu ya nani?"

Safari hii jibu lilikuwa fupi.

Nimefikiri sana baada ya isha. Mpira wa kutazama haupo. Nikienda, nitakwenda kwake, nitaambiwa karibu, nitakaa. Uwanja ukifunguliwa hataweza kusimama, na nikingoja hadi hasira iishe mmoja wetu atakuwa kaburini. Sitaki kumpoteza. Hasira bado ninayo. Nitakwenda nayo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimerudi Bwiza asubuhi hii. Zaituni alinifungulia, akanitazama toka kofia hadi viatu, akaenda kupasha chai.

Jana baada ya adhuhuri nilipanda gari la Kanyosha. Kwenye kizuizi askari alitazama kitambulisho, akatazama goti. Akaniambia njia inafungwa jua likielekea kuzama, nisikose gari la mwisho. Nikasema sitalikosa.

Mvua ilikuwa imeosha mtaa. Miti imerefuka, au nimepungua mimi. Sikupita kwenye kiwanja changu. Spesioza alinifikisha hadi uani kwa Gaspari akarudi zake bila neno, jambo geni kwake.

Gaspari alikuwa kwenye benchi chini ya upenu. Alitaka kuinuka, nikamzuia. "Karibu, Rajabu. Ukae." Nikakaa.

Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza Mwamini alikufa vipi. Nikamweleza. Homa, mapafu, majuma ya mwisho, kuku. Nikamwambia na hasira yangu, kwamba ninayo, kwamba sijui itaondoka lini. Kila nilipotua aliitikia: "Ego." Yaani ndiyo, nasikia. Hakuomba msamaha. Sikutoa. Kisha akanieleza habari za mdogo wake. Njia gani, shati gani. Ni njia ninayopita kwenda msikitini. Nikawa naitikia mimi.

Maneno yakaisha. Hayakuwa mengi kama nilivyoogopa. Nyuki walikuwa kwenye maua ya mparachichi. Nyumba ya pili redio ilikuwa ikitangaza kitu ambacho hakuna aliyekisikiliza. Gaspari akasema nyonga ni mujinga. Nikasema goti ni kaka yake. Alasiri nikasali palepale uani. Mkwe wake, mke wa Emili, aliniletea maji ya kutawadha bila kuombwa. Nikarudi kwenye benchi. Gaspari alikuwa amefumba macho.

Usingizi ulimchukua polepole. Kichwa kikainama, kikateleza, kikafika begani kwangu. Kizito. Kinanuka dawa ya kuchua. Mguu wangu ukafa ganzi. Kule barabarani gari la mwisho lilipiga honi. Likapiga tena. Mwanga ulikuwa umetoka uani, umepanda ukutani. Niliutazama ukifika kwenye mabati.

Mkwe wake alikuwa ameteleka maji ya ugali pale nje. Aliisikia honi naye. Akamtazama mzee aliyelala, akanitazama mimi. Akachota maji mengine, akayamimina sufuriani, akaenda kuongeza unga.